Bei ya Kumtoa Mtu Aliyeshikwa

Machi 11

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kiti cha wageni. Nimeweka ndoo kwenye kiti. Wageni wenyewe hawaji, basi ndoo ndiyo mgeni wangu.

Daftari hili nimelinunua kwa aibu. Jirani yangu wa chumba cha pili, mama mmoja fundi cherehani, aliingia kuazima mkasi akanikuta namalizia picha za harusi ya watu. Sura mia moja na arobaini, kila moja nimeifuta jasho, nimeipunguza chunusi, na walionaswa wamefumba macho nimewafumbua. Akauliza nalipwa ngapi. Nikasema mia tano kwa picha. Akakaa kitako sakafuni, maana kiti kina ndoo.

"Mia tano? Mimi kifungo kimoja nashona kwa mia tano, na uzi ni wa mteja!"

Nikajitetea kwamba Tabasamu huwa analia shida. Tabasamu ni mpiga picha mwenye studio karibu na sokoni, ndiye anayeniletea kazi. Miaka miwili sasa tunafanya kazi kwa simu na hatujawahi kuonana. Ananiita Dada Kifutio. Mimi nikitaja bei, yeye huvuta pumzi, na akivuta pumzi tu mimi nimeshapunguza.

"Andika bei, ubandike ukutani," akasema fundi cherehani. "Bei iliyoandikwa haina haya. Mwenye haya ni wewe."

Machi 12

Nimeandika. Kusafisha uso, elfu moja. Kubadilisha mandhari ya nyuma, elfu moja na mia tano. Kumtoa mtu, elfu mbili. Kumwongeza mtu, elfu kumi.

Fundi cherehani ameuliza kwa nini kuongeza ni ghali vile. Nimemweleza kwamba anayeongezwa lazima apate kivuli chake, mwanga umpige upande uleule unaowapiga wenzake, na miguu yake ikanyage chini kweli, la sivyo anaonekana mzimu. Wa kutolewa unamfunika tu kwa ukuta au majani, basi.

"Kumbe kumfukuza mtu ni rahisi kuliko kumkaribisha," akasema, akachukua mkasi akaenda zake. Ule mkasi bado hajaurudisha.

Machi 13

Nimemtumia Tabasamu bei mpya. Nilijiandaa kwa vita. Nikanywa chai mbili, nikafanya mazoezi mbele ya kioo: "Haipungui, kaka. Haipungui." Akapiga simu baada ya dakika tano.

"Sawa, Dada Kifutio."

"Sawa nini?"

"Bei sawa. Nilikuwa nashangaa lini utapandisha."

Jamani! Miaka miwili! Hakuvuta hata pumzi. Miaka miwili nimejipunja kwa mikono yangu mwenyewe nikimlaani yeye. Nimekaa kitandani nimeduwaa mpaka chai ya tatu ikapoa.

Machi 19

Umeme umekatika tangu asubuhi. Mvua. Sikufanya kitu.

Machi 24

Kazi zimemiminika, na zote za aina moja. Watu wanataka watu watolewe! Bwana mmoja anataka nduguye atolewe kwenye mahafali yake. Kikundi cha kina mama kinataka mweka hazina wao atolewe, na kwenye picha ndiye pekee anayecheka. Dada mmoja anataka bwana harusi atolewe abaki yeye na keki. Nimehesabu kumi na mmoja wa kutolewa kwa wiki moja, na wa kuongezwa mmoja tu: babu mmoja anataka mkewe marehemu asimame na wajukuu ambao hakuwahi kuwaona.

Sikujua watu wanachukiana hivi. Na mimi ndiye niliyewarahisishia, elfu mbili tu! Nina kanuni moja ambayo Tabasamu anaijua: siulizi mteja ni nani wala kwa nini. Naifuata ili nilale usingizi.

Machi 28

Siku tatu juu ya picha moja. Msichana wa kutolewa alikuwa amekumbatiwa na rafiki yake. Yeye mwenyewe nilimtoa kwa robo saa. Mkono wa rafiki ndio umeniua. Ukimwondoa aliyeshikwa, mkono unabaki umekumbatia hewa. Ukiufuta mkono, mwenye mkono anakuwa kilema. Ilibidi nimtengenezee mkono mpya ulioshuka ubavuni, kidole kwa kidole. Siku tatu kwa elfu mbili.

Nilipomlalamikia fundi cherehani alinicheka. "Hata mimi kushona si kazi. Kazi ni kufumua. Nguo iliyoshonwa kwa uzi mzuri ukiifumua unalia. Toza bei ya kufumua."

Nimebandua karatasi nikaandika nyingine. Kumtoa mtu aliyesimama peke yake, elfu tano. Kumtoa mtu aliyeshikwa, elfu kumi na tano. Kumwongeza mtu, elfu kumi. Kumwongeza mtu aliyeshikwa, elfu ishirini. Nikaipiga picha, nikamtumia Tabasamu.

Aprili 3

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili. Mkasi umerudi, ila butu.

Aprili 8

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi Tabasamu alituma picha na ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara tisa, kwa hiyo naweza kuuandika neno kwa neno: "Dada Kifutio, kazi ya haraka. Picha ya familia, inataka kukuzwa iwekwe ukutani. Yule dada mwenye gauni la njano, wa pili kutoka kulia, atolewe. Mteja anasema asibaki hata kivuli. Nipe bei."

Nikafungua picha. Gauni la njano ni langu.

Kwanza nilicheka. Nilidhani Tabasamu amejua sura yangu na ananitania. Halafu nikakumbuka hajawahi kuniona hata siku moja. Nikaisogelea kompyuta, nikakuza picha mpaka macho yangu yakawa makubwa kama sahani, nikajiangalia. Ni mimi. Kushoto kabisa amesimama mdogo wangu, Kitinda, na cheti chake cha shule. Katikati baba amekaa kwenye kiti chake, bado hai. Mimi nimesimama nyuma ya bega la baba, na kulia kabisa ni mama. Baba alifariki miezi saba baada ya siku ile. Hatuna picha nyingine tuliyokaa wote wanne, na wala haiwezi kupigwa nyingine.

Asibaki hata kivuli! Mama yangu weee! Mimi niliyemwogesha Kitinda, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, nisibaki hata kivuli!

Najua kwa nini. Miaka miwili iliyopita nilitoka kwa mume wangu na begi moja, nikarudi nyumbani, na mama akanipokea mlangoni na maneno haya: "Nyumba yangu si kituo cha basi." Nikalala siku nne, ya tano nikapanga chumba hiki. Tangu hapo ni salamu za simu za mara mojamoja. Lakini kusemwa ni kitu kimoja na kufutwa ni kitu kingine.

Halafu nikafanya jambo la kijinga. Nikasema, kazi ni kazi. Nikaanza kuchora mstari wa kunizunguka: nywele, sikio, shingo. Nilipofika begani nikakwama. Mkono wa mama uko pale. Vidole vinne vimezama kwenye gauni na kitambaa kimejikunja chini yake. Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile mume wangu alikuwa nje ya geti anapiga honi, mimi nikawa naondoka kabla ya picha, mama akanidaka begani. "Simama hapa. Mwache apige honi, betri ni yake." Ndipo picha ikapigwa. Ukiangalia vizuri sote tunakaribia kucheka, hata baba.

Nikafuta mstari. Nikamwandikia Tabasamu: "Huyu ameshikwa. Elfu kumi na tano." Halafu nikazima simu nikaenda kwa fundi cherehani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni na mvua inanipiga mgongoni.

"Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni," akasema. Cherehani ikanyamaza. "Bei umetaja?"

"Nimetaja."

"Na hukupunguza?"

Nikaanza kulia palepale.

Aprili 9

Nimevunja kanuni yangu. Nimempigia Tabasamu nikamuuliza mteja ni nani.

"Binti mmoja anaolewa. Wakwe wanakuja kujitambulisha tarehe kumi mwezi ujao, anataka picha iwe sebuleni. Alikuja na mama yake, mama mtu mzima, akakaa kwenye benchi kimya, hakutia neno. Kwani unawajua?"

"Siwajui."

Kitinda anaolewa na nimeambiwa na mpiga picha. Hilo ningelimeza. Lakini mama alikuwepo! Alikaa kwenye benchi akasikia "asibaki hata kivuli," na hakutia neno. Mama yangu, anayegombana na muuza nyanya mpaka muuza nyanya anaomba radhi, hakutia neno.

Aprili 12

Tabasamu ameandika: "Yule binti amekataa bei. Amepeleka kwa jamaa mmoja wa bei chee. Kule ni elfu mbili tu, na anaipata leo leo. Pole, dada, tumekosa kazi."

Elfu mbili. Nimetolewa kwa elfu mbili. Vocha ya simu ya wiki moja ni zaidi ya hapo.

Aprili 13

Sikuamka.

Aprili 17

Mvua, mvua, mvua. Fundi cherehani kaleta uji, kakaa mpaka nikaumaliza. Hakusema neno la maana, alisimulia ya mteja wake aliyenenepa katikati ya vipimo.

Aprili 22

Nimemaliza kazi ya yule babu. Nilimtafutia mkewe mwanga wa saa kumi jioni, uleule uliowapiga wajukuu. Mjukuu mdogo alikuwa amenyoosha mkono pembeni, basi nikamsimamisha bibi pale mkono unapofika. Tabasamu anasema babu alipoiona alimwamkia mkewe kwa sauti, mbele ya watu. Amelipa yote bila kuuliza.

Aprili 30

Tabasamu amepiga. Nilidhani ni kazi.

"Yule mama mtu mzima wa picha ya familia amerudi, safari hii peke yake. Ameisoma bei yako ukutani kwangu, akaniuliza 'aliyeshikwa' maana yake nini. Nikamwambia, mama, fundi wangu anasema kumtoa mtu si kazi, kazi ni kuuachisha mkono uliomshika. Akakaa kwenye benchi muda mrefu. Sasa anataka kuonana na fundi mwenyewe. Nimpe njia?"

Nilitaka kusema nimehama, nimekufa, sifanyi tena kazi hii.

"Mpe," nikasema. "Ijumaa asubuhi."

Mei 2

Ijumaa. Nimefagia mara tatu. Nimebandika upya karatasi ya bei, ilikuwa imelowa pembeni.

Alibisha saa tatu na nusu. Nikafungua. Mama, mwavuli mmoja uliovunjika ubavu, mkoba kifuani. Alinitazama, akatazama karatasi aliyoandikiwa njia, akatazama tena mlango, ikawa kama chumba ndicho kilichokosea.

"Wewe?"

"Shikamoo, mama."

"Nimeelekezwa kwa fundi wa picha."

"Ndiye mimi."

"Wewe si unachapa barua za watu?"

"Miaka miwili sasa sichapi barua, mama."

"Marahaba," akasema, salamu imechelewa kama mzigo wa treni. Nilidhani atageuka aondoke. Akaingia. Nikaondoa ndoo kwenye kiti nikakisogeza ukutani pasipovuja, akakaa kwenye ncha, mkoba haujashuka. Tukasikiliza mvua. Amekonda. Hilo nalo lilinishtua, maana sauti ya kwenye simu haikondi.

Akafungua mkoba akatoa nakala ndogo ya picha iliyofungwa kwenye nailoni, akaiweka mezani. Kazi ya yule jamaa wa elfu mbili. Lahaula! Alinikata pamoja na mkono wa mama. Mama amebaki na mkono unaoishia kwenye kiwiko, na pale niliposimama pamepakwa ukuta wa rangi isiyo ya ukuta ule. Kwenye bega la baba kimebaki kipande cha njano, ukubwa wa kucha.

"Kitinda anasema hakuna atakayeona," mama akasema. "Mimi nimeona. Kila nikipita sebuleni naona. Mkono wangu uko wapi?"

Nikakifunika kile kipande cha njano kwa kidole.

"Usimlaumu mdogo wako. Wale wakwe waliambiwa mabinti wa nyumba yetu wakiolewa hawarudi. Ndicho kilichowapendeza."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

Alisema hivyohivyo, mimi, akiangalia ndoo. "Nilisema mara moja, kwa kujisifu. Nilikuwa naongea na mama wa bwana harusi, likanitoka mdomoni. Halafu ikawa haina pa kurudia. Kule studio nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele ya watu, nikaufunga. Nilifikiri watakutoa tu. Sikujua watachukua na mkono."

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Kutoa tu! Nilitaka kumwambia mambo ya miaka miwili, ya begi moja, ya siku nne, ya homa niliyougua peke yangu humu ndani. Lakini alikuwa ameshanyoosha shingo anasoma karatasi ya bei ukutani, kidole hewani, vile anavyosoma kila kitu chenye bei.

"Mkono peke yake ni ngapi?" akauliza.

"Haujaandikwa. Nitakufanyia elfu tano. Ila utakuwa umeshika hewa."

"Na mwenyewe?"

"Nani?"

"Aliyeshikwa." Akashusha kidole. "Kumrudisha aliyeshikwa."

"Elfu ishirini. Imeandikwa."

"Elfu ishirini! Kumtoa elfu kumi na tano, kumrudisha elfu ishirini?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni mama yako mzazi."

"Ndiyo, mama."

"Basi punguza."

Akavuta pumzi. Mimi na pumzi za watu tunajuana. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema kumi, kusema tano, kusema acha tu mama. Nikaangalia kile kipande cha njano kwenye bega la baba.

"Haipungui," nikasema.

Tulitazamana. Halafu akafungua leso, akatoa noti mojamoja, akizinyoosha kwenye goti. Zilipungua elfu moja, akaitafuta kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, akaipata. Nikazipokea kwa mikono miwili. Ndiyo, nimemtoza mama yangu. Asomaye na aseme anavyotaka.

Nikageukia kompyuta nikafungua picha ya awali, ile aliyonitumia Tabasamu, nzima kama ilivyopigwa. Baba, Kitinda, mama, mimi, na mkono. Mama akasogeza kiti.

"Umeshamaliza?"

"Nilikuwa nayo."

"Kwa hiyo hujafanya kazi yoyote!"

"Sijafanya."

"Na elfu ishirini umechukua!"

"Nimechukua."

Midomo ikambana, nikajua kinachokuja ni ugomvi wa nyanya. Badala yake akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya vidole vyake vilivyo begani pangu, akaviangalia. "Yule mpuuzi alipiga honi siku ile mpaka baba yako akasema huyo labda anaita ng'ombe," akasema, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia. Nami nikalia, na fundi cherehani upande wa pili wa ukuta akasimamisha cherehani ili asikie vizuri, nalijua hilo.

Alipoondoka mvua ilikuwa imepungua. Mlangoni akafungua mwavuli uliovunjika, akasema bila kugeuka, "Jumamosi ijayo uje asubuhi mapema. Vyombo ni vingi na Kitinda atakuwa kwenye kucha."

Mei 3

Kitinda amepiga simu. Amelia, ameomba radhi, akauliza kama naweza kumpunguza pua kwenye picha. Nimemwambia elfu moja.

Mei 10

Jua, la kwanza tangu Machi. Nimeosha sahani sabini na mbili. Picha iko sebuleni, mikono yote imetimia.

Wakwe walikula wakashiba. Mama wa bwana harusi akasimama kuitazama picha, na mimi nilikuwa napita na sinia. "Huyu wa njano ni nani? Hatukuwahi kuambiwa." Kitinda akaangalia kucha zake. Ningeweza kurudi jikoni, miguu ilikuwa imeshageuka.

Mama akanyanyuka, akaja akanishika begani, palepale.

"Huyu ni binti yangu wa kwanza," akasema. "Aliolewa, akarudi. Nilimtoa, nikamrudisha mwenyewe, na sijui kama mnaijua bei yake. Hapunguzi."